Mtu na Jitu: Habari ya Hulk katika Senema, na Swali la Upatanisho

Katika hadithi za senema zitokazo Marekani ni chache zinazomtia mashakani mfasiri wa Kiswahili kama habari ya Bruce Banner, mtaalamu wa sayansi ambaye akipandwa na ghadhabu hugeuka jitu la kijani liitwalo Hulk. Mashaka hayo hayatokani na istilahi za kitaalamu, maana mionzi ya gama ina jina lake na mfasiri hulipokea lilivyo. Yanatokana na kipande kidogo kuliko vyote katika sentensi, nacho ni kiambishi cha mtendaji. Msimulizi wa Kiingereza aweza kulitaja jina la Hulk, akafuatisha kitenzi, na kitenzi hicho kisimdai aseme kama aliyetenda ni mtu au ni kitu. Kiswahili chamdai. Mji ukiisha kubomolewa, hana budi kusema: alibomoa, au lilibomoa?

Hulk alibuniwa na mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby, akatokea kwanza katika kijitabu cha picha cha mwaka 1962. Banner wa kijitabu hicho ndiye aliyelitengeneza bomu la gama. Siku ya kulijaribu, kijana mmoja, Rick Jones, aingia na gari lake katika uwanja wa majaribio. Banner amkimbilia, amtupa handakini, na mionzi yamshukia yeye. Katika toleo la kwanza jitu lilikuwa la kijivu, lakini rangi hiyo haikutokea sawasawa mtamboni, ndipo likafanywa la kijani. Lee alisema wazi kwamba alichota katika vitabu viwili vya karne ya 19: kile cha Mary Shelley juu ya Frankenstein, cha 1818, na kile cha Robert Louis Stevenson juu ya Dr Jekyll na Mr Hyde, cha 1886. Hata hivyo kuna tofauti isiyofaa kupuuzwa. Jekyll hunywa dawa kwa hiari yake, hujigeuza. Banner alifikwa na jambo, aligeuzwa. Tofauti hiyo ya herufi chache itaonekana tena huko mbele.

Neno "jitu" lenyewe lastahili kutazamwa. Mzizi wake ni -tu, ule ule wa "mtu". Kilichoondoka ni m-, kilichoingia ni ji- ya ukuzaji. Ndani ya jitu mtu yumo bado, amebadilishiwa ngeli tu. Sarufi yafundisha kwamba majina ya viumbe wenye uhai, hata yakiwa na umbo la ngeli nyingine, hufuata upatanisho wa a- na wa-. Lakini msemaji akitaka kuonyesha ukubwa unaotisha, au kumwondolea kiumbe heshima ya utu, huacha li- na ya- zitawale. Kwa hiyo "jitu yule alikuja" na "jitu lile lilikuja" si sentensi moja kwa sauti mbili. Katika ya kwanza yupo mtu mwenye mwili mkubwa; katika ya pili, utu umekwisha kuwekwa kando. Methali ya zimwi likujualo, ambalo halikuli likakwisha, hushika li- tangu mwanzo hadi mwisho, ingawa zimwi hilo lina uwezo wa kumjua mtu na hata wa kumhurumia nusu nusu.

Hadithi za pwani zina mfano ulio karibu zaidi. Katika ngano ya Sultani Majinuni, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja, paka wa sultani aanza kwa kula ndama, ahamia wanyama wakubwa, kisha watu. Kila apelekewapo mashtaka, sultani hujibu kwamba paka ni wake na kilicholiwa ni chake. Mpaka wanawe wenyewe waliwe, ndipo jina la paka linapokoma na mnyama huyo kuwa nunda. Mnyama hakubadilika siku hiyo. Kilichobadilika ni neno la mwenye mali. Msomaji akikumbuka ngano hiyo hatashangaa kumwona Jenerali Ross, katika picha ya The Incredible Hulk ya mwaka 2008, akitangaza kwamba mwili wote wa Banner ni mali ya jeshi la Marekani. Yeye naye asema habari ya mali, na kwa kinywa kama chake hapana kiambishi kifaacho ila li-.

Picha za senema zenyewe zaweza kupangwa kwa vitenzi. Katika michezo ya televisheni ya miaka ya 1977 hadi 1982 shaka ilikuwa ndogo, kwa kuwa waigizaji walikuwa wawili: Bill Bixby alikuwa mtu, Lou Ferrigno jitu, na macho ya mtazamaji yaliona miili miwili. Ang Lee, katika picha yake ya 2003, aliuleta ugomvi ndani ya nyumba. Baba wa Banner amejifanyia majaribio mwilini mwake na kumrithisha mwanawe madhara yake, na mionzi yafumbua tu lililokuwamo. Humo Banner akiri neno zito, kwamba limwogopeshalo zaidi ni kuwa lile jambo likimjia, akapotewa na nafsi yake, hufurahi. Mtu afurahiye kugeuzwa amegeuzwa kweli? Picha hiyo haikupendwa sana ilipotoka, na yadhaniwa kuwa nzito mno. Lakini kwa swali hili ndiyo yenye kina kuliko zote.

Banner wa 2008, aliyeigizwa na Edward Norton, amejificha katika mtaa wa Rocinha mjini Rio de Janeiro, afanya kazi kiwandani mwa soda, ajifunza kutuliza pumzi, na kipimo cha mapigo ya moyo kimefungwa mkononi. Aishi katika hali ya kutendwa: akikasirishwa hugeuzwa. Lakini katika tukio la mwisho, akiwa peke yake amekaa kimya, macho yake yageuka kijani naye atabasamu. Hapo kitenzi kimeanza kupata -ji-.

Ni -ji- hiyo itawalayo The Avengers ya 2012, ambayo ndani yake Mark Ruffalo alianza kuigiza pande zote mbili. Banner sasa yuko Kolkata, atibu wagonjwa, na amtaja mwenzake kwa kumwita yule mwingine, kana kwamba ni jirani. Wakati vita vinapofika asema kwamba siri yake ni kuwa hasira haimwachi kamwe, kisha ajigeuza mbele ya adui, bila kuchokozwa. Yafaa kukumbuka kuwa ji- ya jitu na -ji- ya kujigeuza ni viambishi viwili mbalimbali vyenye sauti moja. Bahati hiyo ya lugha yampa mfasiri wa Kiswahili kitu ambacho mtungaji wa Kiingereza hakuwa nacho.

Ushindi huo haukudumu. Katika Age of Ultron, ya 2015, Wanda Maximoff amwingilia akilini, na Hulk auharibu mji wa Johannesburg mpaka Tony Stark ampige aanguke. Je, Banner ana hatia? Akisema "niliuharibu" ajitwika kosa la mwingine. Akisema "liliuharibu" ajitoa upesi mno. Lugha yatoa njia ya tatu, ile ya kutendwa, "uliharibiwa", lakini njia hiyo ni ya maafisa waandikao taarifa. Banner hachagui hata moja. Mwisho wa vita aondoka bila kuaga.

Msemaji wa pwani angeweza kuifahamu hali hii kwa maneno ya ngoma za pepo, ambamo aliyepandwa huitwa kiti, na pepo ndiye asemaye. Mfano huo wafaa nusu tu, kwani pepo hutoka nje, ilhali Hulk hakutoka popote. Lakini wafaa sana kwa picha mbili zilizofuata. Katika Thor: Ragnarok, ya 2017, jitu limekalia kiti miaka miwili katika nchi ya Sakaar, lazungumza kwa lugha ya mtoto mdogo, na Banner azindukapo aogopa kwamba akigeuka tena hatarudi. Katika Infinity War, ya 2018, mambo yapinduka: Banner amwita, ajipiga, amsihi, na Hulk, aliyekwisha kushindwa na Thanos, akataa kupanda.

Katika Endgame, ya 2019, wawili hao wamekuwa mmoja: mwili wa jitu, miwani na sauti ya Banner. Yeye mwenyewe aeleza kwamba kwa miaka mingi alimhesabu Hulk kuwa ugonjwa, na hakupona mpaka alipomhesabu kuwa dawa. Watoto wamwomba wapigwe picha naye. Hapa "lilisema" lingekuwa kosa la sarufi na la adabu pia. Ni a- peke yake.

Mtu angedhani swali limekwisha, kumbe mwaka 2022 lilifunguliwa upya katika mfululizo wa televisheni juu ya Jennifer Walters, mwanasheria, binamu yake Banner, aliyeingiwa na damu yake katika ajali ya gari. Yeye hugeuka kwa hiari karibu tangu siku ya kwanza. Jina lake la Kiingereza, She-Hulk, alipewa na watangazaji wa habari, wala halimpendezi. Tatizo la Kiingereza hapo ni jinsi, jambo ambalo a- ya Kiswahili hailijali. Lakini mfasiri akitaka kulifasiri jina hilo huona mbele yake "jike", neno la mifugo na wanyama wa porini, na "mwanamke", neno la watu. "Jitu jike" litamrudisha Jennifer kundini mwa nunda. "Jitu mwanamke" litagombana na ngeli yake lenyewe, na yaelekea hilo la pili ndilo litakalomfaa.