Mwana Kupona na Mjakazi Wake

Tukiulizwa darasani habari za mwanamke katika jamii ya kimwinyi, jibu huja haraka: Utendi wa Mwana Kupona. Mama mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, anamuusia binti yake mwaka 1858: atafute radhi za Mungu, za Mtume, za wazazi na za mume. Wahakiki wengine husema utendi huu unafundisha utii tu. Wengine humtetea, eti anamfunza bintiye mbinu za kuishi na mume. Mimi naona wote wanamgombania mwanamke mmoja tu: muungwana.

Hebu turudi kwenye usia wenyewe. Kuna mahali mama anamkanya bintiye asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Kumbe mle ndani wamo wanawake wengine! Kwani nani alikuwa akiteka maji na kutwanga? Mjakazi yumo kama kitu cha kuepukwa, na hapewi hata ubeti mmoja wa kujibu.

Nimekulia Mwanga, jirani na Ujiji, hivyo kwangu swali hili si la mtihani tu. Februari 1858, mwaka uleule wa utendi, Burton na Speke walifika Ujiji wakakuta kituo cha biashara ya pembe na watumwa. Wanawake walivushwa kutoka ng'ambo ya ziwa. Wengine walipelekwa pwani, wengine wakabaki hapahapa kuwa wajakazi na masuria. Kwa sheria ya Kiislamu, suria aliyemzalia bwana wake hakupaswa kuuzwa tena, na mtoto akikubaliwa na baba alikuwa muungwana. Yaani njia ya kutoka utumwani ilipitia tumboni. Hilo ndilo neno la umwinyi ambalo utendi haukuhitaji kulisema, maana binti wa Mwana Kupona alizaliwa tayari muungwana.

Bibi yangu nikimuuliza ukoo wa upande wa mama yake ulitoka wapi, hujibu "ng'ambo", kisha hunituma dukani. Ng'ambo hiyohiyo, katika nchi ya Waluba, alizaliwa Bwanikwa. Alimsimulia mmisionari Dugald Campbell jinsi baba yake mwenyewe alivyomtoa kulipia deni, akawa anauzwa tena na tena. Marcia Wright aliichambua simulizi hiyo katika kitabu chake cha 1993. Kwenye orodha yetu ya vitabu haimo.