Gemu la Kwanza kwa Rafiki Mgeni: Mpira Usubiri Kidogo (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia mashine: ipi inunuliwe mpya, ipi inatosha kuipata mtumba. Leo tunaligeukia swali gumu zaidi. Rafiki ambaye hajawahi kushika padi akikuuliza aanze na gemu gani, umjibu nini? Katika vibanda vya gemu vya Buguruni, kuanzia Malapa hadi Kwa Mnyamani, jibu lililozoeleka ni kwamba aanze na mpira. Wengi bado wanauita FIFA, ingawa jina hilo lilikoma na FIFA 23, na tangu 2023 kampuni ya EA inauza mchezo wake kwa jina la EA Sports FC. Jibu hilo hutolewa kwa nia njema, lakini naamini linawakatisha tamaa wageni wengi. Gemu la kwanza linapaswa kuwa lile linalomsamehe anayekosea, na gemu la mpira halisamehi.

Kosa linaanzia katika kudhani kwamba anayeujua mpira anaijua na padi. Mashine ya kwanza ya PlayStation ilitoka Japani mwaka 1994 ikiwa na padi ya vitufe vitupu. Vijiti viwili vya kusukuma kwa vidole gumba vilikuja 1997, na gemu la Ape Escape la mwaka 1999 ndilo la kwanza kumlazimu mchezaji kuvitumia vyote viwili. Waliokua na mashine hizo, basi, walijifunza kidogo kidogo, kitu kimoja kikiongezwa juu ya kingine. Mgeni wa leo anatwishwa mzigo wote kwa mkupuo. Katika magemu mengi ya siku hizi kijiti cha kushoto kinatembea na cha kulia kinageuza macho, na vidole visivyozoea vinamfanya mtu aangalie juu angani huku akitumbukia shimoni. Mpira unamwondolea mzigo huo wa macho, lakini unamwekea mwingine ulio mzito zaidi, kwa sababu kitufe kilekile hubadilika maana kutegemea nani ana mpira. Kwa mpangilio wa kawaida, kitufe cha duara kinapiga shuti timu yako ikiwa na mpira, na usipokuwa nao kinakwenda kunyang'anya. Mpira ukipotea, na kwa mgeni unapotea kila mara, maana ya vitufe imekwisha kugeuka kabla hajatambua.

Kibanda kinaongeza ugumu huo kwa utaratibu wake wa fedha. Mteja analipia mechi au muda, na penye foleni anayefungwa humpisha mwingine. Kwa mchezaji hodari utaratibu huo ni wa haki kabisa. Kwa mgeni maana yake ni kwamba yeye anayehitaji mazoezi kuliko wote ndiye anayeishika padi kwa muda mfupi kuliko wote, tena kwa fedha ileile. Akifungwa saba kwa sifuri mbele ya watu, anajiondokea akiamini gemu si lake. Kumbe hakupewa nafasi ya kujifunza.

Waswahili walilitatua jambo hili zamani katika bao. Anayeanza hakalishwi moja kwa moja kwenye bao la Kiswahili, ambamo kila mchezaji anaanza na kete kumi ubaoni na ishirini na mbili mkononi, azinamue, yaani aziingize ubaoni, moja moja, huku akiichunga nyumba yake, lile shimo lake kuu. Anaanzia bao la kujifunza: kete mbilimbili katika kila shimo, zote zimekwisha kupangwa, hatua ya kunamua imeondolewa. Ubao ni uleule na kete ni zilezile. Kilichopunguzwa ni idadi ya mambo ya kukumbuka kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ilipo kanuni ya kuchagua gemu la kwanza.

Kwa kanuni hiyo, namshauri mgeni aanze na Rayman Legends, lililotolewa na Ubisoft ya Ufaransa mwaka 2013. Linapatikana kwa PS3 na PS4, kwa hiyo halihitaji mashine ya bei ya juu. Mhusika anakwenda kushoto na kulia kama kwenye picha ya ukutani, hivyo hakuna macho ya kugeuza. Kazi ni kukimbia, kuruka na kupiga. Ukifa unarudishwa hatua chache nyuma, wala maisha hayahesabiwi. Mkicheza wawili, anayepigwa anageuka puto linaloelea, na mwenzake akilipasua anarudi mchezoni, kwa hiyo rafiki mzoefu anakuwa mwokozi wa mgeni badala ya kuwa mshindi wake. Hakuna mazungumzo ya Kiingereza ya kufuatilia, wala maneno ya kusikiliza ndipo ujue pa kwenda. Katika eneo lenye Shule ya Viziwi ya Buguruni, sifa hiyo ina uzito wake.

Kuna watakaosema gemu hilo ni la kitoto, na kwamba kijana wa Buguruni anataka mpira. Rangi zake ni za kitoto, nakubali, lakini hatua zake za mwisho zinawatoa jasho watu wazima. Na anayetaka mpira ataukuta humohumo: lina mchezo mdogo uitwao Kung Foot, ambamo wachezaji wanaukimbiza mpira na kufunga magoli kwa vitufe vilevile walivyokwisha kuvizoea. Hoja nzito zaidi ni ya lugha na utamaduni, kwamba magemu haya hayatujui sisi. Hapo jibu ni Tales of Kenzera: Zau la mwaka 2024, kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyelitunga kutokana na msiba wa baba yake. Zau ni mganga kijana anayepatana na Kalunga, mungu wa kifo, ili arudishiwe baba yake, na mchezaji anaweza kuchagua sauti za Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Ningelipenda liwe la kwanza kwa kila Mswahili. Lakini linadai PS5 au mashine ya kizazi chake, Nintendo Switch au kompyuta, na miruko yake inataka vidole vilivyokwisha kukomaa. Liwe la pili, kisha mpira ufuate.

Wenye vibanda, nawaombeni jambo moja: tengeni runinga moja, jioni moja kwa wiki, ambapo mgeni analipia muda na haondolewi kwa kushindwa. Nanyi wazoefu, mkimleta rafiki siku hiyo, chukueni padi ya pili na mwachieni yeye atangulie.