Mtoto Amalizaye Hesabu Kabla ya Wenzake

Katika darasa la shule ya msingi aghalabu hupatikana watoto wawili watatu ambao humaliza kazi waliyopewa kabla wenzao hawajafika nusu. Mwalimu mwenye darasa kubwa hushukuru, kwa kuwa watoto hao hawamsumbui. Huwapa hesabu nyingine kumi za aina ile ile, au huwaamuru wakae kimya na kungoja, au huwatuma kuwasaidia walio nyuma. Yote hufanyika kwa nia njema. Lakini mtoto hutambua mapema kwamba malipo ya kufanya kazi upesi ni kuongezewa kazi isiyo na ladha, naye hujizoeza kwenda polepole. Miaka michache baadaye mwalimu wa sekondari humpokea kijana mwenye alama nzuri ambaye hajapata kukutana na swali lililomshinda. Na siku akutanapo nalo, hajui la kufanya.

Nchini Tanzania zipo shule za sekondari zilizotengwa kwa wanafunzi wenye vipaji maalumu, kama vile Ilboru, Mzumbe na Kilakala. Hata hivyo, vipaji havianzi Kidato cha Kwanza. Katika shule ya msingi hapana budi kazi hii ifanywe na mwalimu wa darasa mwenyewe, kwa ubao na chaki alivyo navyo. Wengine hudhani dawa ni kumrusha mtoto darasa. Pengine hufaa, lakini mtoto aliyerushwa hufikia tu mapema zaidi maswali mepesi ya mwaka unaofuata, tena huachana na marika yake. Njia iliyo bora ni kumwacha katika somo lile lile, ila kumpeleka ndani zaidi.

Tutwae mfano wa hisabati. Darasa zima linajifunza mzingo na eneo la mstatili. Mwalimu aandike ubaoni: mkulima ana wavu wa mita 24, naye ataka kuzungushia uga wa kuku wenye umbo la mstatili, achague vipimo gani ili kuku wapate nafasi kubwa kuliko zote? Kila mtoto aweza kuanza. Upana wa mita 1 na urefu wa mita 11 hutoa mita za mraba 11. 2 kwa 10 hutoa 20. 3 kwa 9 hutoa 27. Na hivyo hivyo mpaka 6 kwa 6, ambapo hupatikana 36. Wengi watatosheka hapo, na watakuwa wamefanya mazoezi ya kutosha ya kuzidisha. Yule mwepesi aulizwe: je, iwapo upande mmoja ni ukuta wa nyumba, usiohitaji wavu? Atakimbilia mraba, yaani mita 8 kila upande, apate 64. Mwalimu asimwambie kwamba amekosea. Amwulize tu kama amejaribu 6 kwa 12. Eneo lake ni 72. Sasa mtoto ana jambo la kufikiri njiani aendapo nyumbani: kwa nini mraba, ulioshinda mara ya kwanza, umeshindwa mara ya pili? Na kama bado ana hamu, aondolewe ukuta na sharti la mstatili, ajaribu duara kwa kamba na kijiti. Atapata karibu mita za mraba 46.

Swali la namna hii lina faida nyingine, nayo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Likiwekwa mbele ya wote, huwafichua werevu ambao mwalimu hakuwajua. Anayeshika nafasi ya kwanza katika mtihani si lazima awe ndiye mwenye fikra kali kuliko wote. Huenda yupo mwingine nyuma ya darasa, mwenye mwandiko mbaya na maswali ya kuudhi.

Wala hisabati si mahali pekee. Katika Kiswahili watoto hufundishwa kwamba tunasema “kitabu kimeanguka” lakini “kipepeo ameanguka”. Mwenye uwezo atumwe akusanye maneno ishirini yanayoanza na ki-, ayagawe, kisha atunge kanuni yake mwenyewe. Atasema kwamba viumbe hai huchukua a-. Ndipo aulizwe kuhusu “kijitu kile kinakuja”. Kijitu si mtu? Hapo ataanza kuona kwamba sarufi hubeba pia hisia za msemaji.

Msomaji atasema: na mtoto akiuliza jambo ambalo mwalimu mwenyewe halijui? Hii ndiyo hofu halisi, na katika historia ya nchi yetu limo tukio linaloifafanua. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliweka maziwa ya moto yenye sukari ndani ya jokofu ili atengeneze aiskrimu, akaona yameganda kabla ya maziwa ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimwuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Huyu hakujua jibu, ila alikubali kulipima jambo hilo, na mwaka 1969 makala yao ilichapishwa. Mpaka leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo lenyewe. Wapo wanaodai kwamba vipimo makini havilionyeshi. Mwalimu wa kwanza hakuwa mjinga. Alijibu tu mahali ambapo Osborne alipima.

Kwa sababu hiyo ni vyema shule iwe na angalau swali moja ambalo hujibiwa kwa kupima tu, na kwa muda mrefu. Kijiti kilichosimamishwa wima uwanjani chatosha. Kila juma, jua lifikapo juu kabisa, watoto waweke alama kwenye ncha ya kivuli. Dar es Salaam kivuli cha mwezi Juni huelekea kusini, na cha Desemba huelekea kaskazini. Mapema mwezi Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, kivuli hutoweka kabisa. Shule ya Mwanza itaona hivyo katikati ya Machi na mwisho wa Septemba. Ya Songea, karibu na tarehe 21 Februari na 21 Oktoba. Walimu wa sekondari za miji hiyo wakizisaidia shule za msingi kuandikiana barua, mtoto wa darasa la sita atakuwa na tarehe mbili zisizolingana mkononi mwake, na ramani ukutani.