Kwa Nini Mti wa Madrasa Uling'oka?



Wengi wenu mnaukumbuka ule mkrismasi uliokuwa ukitupa kivuli mbele ya madrasa. Uliangushwa na upepo wa Septemba, alasiri, muda mfupi tu baada ya watoto wa Juzuu Amma kuondoka chini yake. Alhamdulillah, hakuumia mtu. Watu walisema ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na bila shaka ni hivyo. Lakini mimi ndiye niliyeupanda, na nilipoitazama mizizi yake niliona kosa langu.

Mizizi ilikuwa imejizungusha kwa umbo lile lile la kiriba ulichotoka nacho kitaluni. Siku ile nilikata kitako cha kiriba tu, nikaudidimiza mche katika shimo dogo kwenye udongo mgumu. Mzizi uliojikunja kiribani haujinyooshi wenyewe. Hunenepa hivyo hivyo, na mti unapendeza juu huku chini umekaa juu ya kitu kama ngata ya kubebea ndoo.

Upepo wenyewe haukuwa wa ajabu. Kimbunga cha Aprili 1872 kule Unguja kiliangusha mikarafuu mingi mno, hata kilimo cha karafuu kikahamia zaidi Pemba. Kwa upepo kama ule hata mti mzima huanguka. Wetu ulikuwa upepo wa kiangazi ambao kila mtu wa Singida anaujua.

Mti hushikwa hasa na mizizi ya pembeni. Sehemu kubwa ya mizizi haiendi chini sana kama tunavyodhani, bali hutambaa hadi kupita mwisho wa kivuli. Kwa hiyo anayechimba msingi wa duka kando ya mwarobaini akakata mizizi ya upande mmoja, ni kama amekata kamba za hema. Upande unakotoka upepo ndio wa hatari zaidi, maana mizizi ya huko ndiyo inayovuta mti usilale.

Wengine kwa hofu hukata kichwa chote cha mti. Machipukizi yanayoota hapo hushika juu juu tu, na baada ya miaka michache ndiyo yanayodondokea mabati. Afadhali kupunguza matawi machache, hasa yaliyokufa na yaliyobanana kwenye panda.

Mvua zilipoanza tulipanda mwarobaini mahali pale. Tulichimba shimo la sentimita 60 kila upande, tukachana kiriba chote na kukata kwa wembe mizizi iliyojikunja. Mwalimu mwenzangu aliufunga mche kwa waya, ukakazwa kweli kweli, niliufungua. Shina lisiloyumba halinenepi. Sasa una vigingi viwili vifupi na mpira wa baiskeli uliolegea, na baada ya mwaka tutavitoa.

Wenye zamu ya maji, msiyamwage shinani. Mwageni mbali kidogo, mengi kwa mara chache, ili mizizi iyafuate. Na tafadhali, mbuzi wasifungwe pale.