Chumba cha Peke Yako au cha Wawili?

Anayetafuta chumba cha kupanga Kagarama, wilayani Kicukiro, Kigali, hujiuliza: nikae peke yangu au na mwenzangu? Wengi hugawa kodi ya chumba kwa mbili, wakaishia hapo. Hesabu hiyo haijakamilika.

Tutazame umeme. Kwa bei zilizoanza Januari 2020, uniti 15 za kwanza za mwezi zililipiwa faranga 89 kila moja. Zilizofuata, hadi 50, faranga 212, bila kuhesabu kodi ya serikali. Mtu aliyetumia uniti 12 kwa mita yake alilipa faranga 1,068. Wawili waliotumia uniti 24 kwa mita moja walilipa 3,243, yaani zaidi ya 1,600 kila mmoja. Basi uliza kwanza mita inatumiwa na watu wangapi.

Hata hivyo, nafuu ya kodi ya chumba ni kubwa kuliko hasara hiyo. Hatari kubwa iko kwenye mkataba. Mwenye nyumba humdai aliyetia sahihi. Mwenzako akiachishwa kazi akahama, deni lote litakuangukia wewe. Kwa hiyo majina yenu yote mawili yaandikwe. Kisha ninyi wenyewe mwandikiane: nani analipa nini, tarehe gani, na anayehama atoe taarifa ya siku ngapi. Wa zamu ya usiku naye apewe saa zake za kulala mchana.

Mkikubaliana hayo, kaeni pamoja. Mkishindwa, afadhali chumba kidogo cha peke yako.