Kwa Nini 13 ni Tasa?

Haya wajukuu zangu, tuseme mna mbuzi 12 hapa kwetu Haneti, wilayani Chamwino, na jioni mnataka kuwaswaga zizini kwa mafungu yaliyo sawa. Mafungu mawili: sita sita. Matatu: wanne wanne. Manne: watatu watatu. Hamna taabu. Sasa aongezeke mmoja, wawe 13. Gaweni! Mafungu mawili, mmoja anabaki. Matatu, anabaki mmoja. Manne, yuleyule. Matano, wanabaki watatu. Mtahangaika mpaka giza liingie: ama wote waingie pamoja, ama kila mmoja aingie peke yake.

Namba ya namna hiyo vitabuni mwenu inaitwa namba tasa. Nanyi watoto wa Chamwino, mliokulia kwenye mifugo, hamhitaji kuelezwa tasa ni nini.

Majina ya hisabati kama hili hayakushuka na mvua. Mwaka 1967 Tanzania ilipoamua Kiswahili kitumike kufundishia shule za msingi, somo zima la hisabati lilitaka maneno. Mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, na istilahi ni sehemu ya kazi yake. Mengine asili yake ni Kiarabu: shufwa kwa 2, 4, 6, na witiri kwa 1, 3, 5. Anayeswali witiri usiku hilo la pili analijua tangu nyumbani; mwenzake hukariri tu.

Ninayoyapenda mimi ni kigawo na kigawe. Yanapishana herufi moja, na wengi mnayachanganya, najua. Lakini sikilizeni: kifuniko hufunika, kigawo hugawa. Kiumbe ameumbwa, mtume ametumwa, kigawe kinagawanywa. Basi 3 ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 3. Sarufi mliyoinyonya kwa mama inawafanyia hesabu!

Tasa lina kasoro, lazima niseme. Ng'ombe tasa hazai, lakini namba tasa ndizo zinazozaa nyingine: 2 × 2 × 3 ni 12, zidisha tena kwa 5, unapata 60. Kila namba nzima iliyozidi 1 ama ni tasa yenyewe, ama imetokana na tasa zilizozidishwa. Aliyechagua jina alitazama kugawanya, akasahau kuzidisha. Mimi ningeziita namba mbegu, ila jina likishazoeleka madarasani kulitoa ni kazi.

Chukueni 84, mtafute tasa zilizoizaa, kisha mniambie nani ana haki.