“Stata” na “Kamba ya Kuwashia”
Wavuvi wa Kojani, kisiwa kilichoko mashariki ya Pemba, husifika kwa kwenda dago, yaani kupiga kambi za uvuvi mbali na kwao. Mashine ya kupachika iliyo kuukuu huwashwa kwa kuvuta kamba. Hata hivyo yawezekana kuitia stata ya umeme. Mfasiri wa maelekezo ya kazi hiyo asitosheke na neno “kuwasha”, kwani hata taa huwashwa.

Stata ni mota ndogo itumiayo betri ya volti 12. Kigurudumu chake huuma meno ya gurudumu zito la mashine na kulizungusha hadi mashine iwake. Magurudumu mengi ya mashine za kamba hayana meno hayo. Pasipotajwa kubadilisha gurudumu, fundi atafunga stata isiyouma popote.

Neno “stata” limekwisha kuzoeleka kwa mafundi wa magari; hatuna haja ya kubuni jingine. Kamba nayo twaiita “kamba ya kuwashia”, na maelekezo yaseme wazi kwamba ibakizwe: betri ikiisha nguvu baharini, ndiyo itakayomrudisha mvuvi pwani.